Kufuta Si Kutengeneza

Kuna desturi moja iliyoota mizizi katika mji wetu wa Juba, nayo ni hii: programu ikigoma, huitwa fundi, na fundi bila kuuliza neno hutoa flashi mfukoni akasema kwamba kompyuta sharti ifutwe yote na kuwekwa upya. Mwenyewe hukubali, maana ameingiwa na hofu. Fedha humtoka, siku humpotea, na mara nyingi programu ile ile iliyogoma jana yagoma na leo. Mimi nasema desturi hii haifai, na sisi wanafunzi wa sekondari, tunaojivuna mitaani kwamba tumesoma, ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuiacha. Nitalieleza jambo hili kwa mfano mmoja tu, yaani moduli zinazokosekana katika Perl, kwa sababu habari hiyo imebishaniwa katika klabu yetu ya kompyuta muhula mzima na hatujapatana.

Msomaji asiyependa kompyuta asigeuze ukurasa bado. Hakuna hesabu humu. Perl ni lugha ya kuandikia programu. Aliyeitunga ni Mmarekani aitwaye Larry Wall, naye aliitoa kwa watu mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1987. Vijana wengi wa siku hizi huicheka, wakasema ati ni lugha ya wazee. Na wacheke. Walakini katika kila mashine ya Linux ya jamii ya Debian au Ubuntu, Perl imo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa vyombo vingi vya mfumo wenyewe vimeandikwa kwayo. Koha, programu ya kutunza maktaba iliyoanza kazi huko New Zealand mwezi wa Januari 2000, nayo imeandikwa kwa Perl, na maktaba nyingi za vyuo katika Afrika zaitumia. Mwaka 2015 watu wa Koha wa dunia nzima walikutana Ibadan, Nigeria. Koha peke yake yataka moduli zaidi ya mia. Basi mwanafunzi anayetarajia kuajiriwa siku moja katika maktaba au ofisi yenye Linux atakutana na Perl, apende asipende.

Na moduli ni nini? Ni kazi aliyokwisha kuifanya mtu mwingine, nawe ukaiazima. Mama akitaka kupika ugali hapandi mahindi asubuhi ile, hununua unga. Kadhalika mwandishi wa programu akitaka kusoma tarehe, au kugeuza vifupisho vya nchi kuwa majina kamili, haanzi mwanzo. Huandika mstari mmoja wa kuita moduli ya kazi hiyo, akaendelea na mambo yake. Moduli hizo zimewekwa katika ghala kubwa liitwalo CPAN, lililofunguliwa mwaka 1995, lenye makumi ya maelfu ya vifurushi, na hakuna anayelipishwa hata senti kuvichukua. Taabu yaanzia hapa: unga nao ulitaka kinu, na kinu kilitaka mafuta ya dizeli. Moduli uliyoiita yaweza kuwa imeita nyingine tatu, na kila moja katika hizo imeita nyingine tena. Kiungo kimoja kikikosekana, programu nzima husimama hata kabla ya kuanza.

Sasa tuone mashine inavyonena ikifikwa na jambo hilo. Husema kwa Kiingereza maneno kama haya: «Can't locate Locale/Country.pm in @INC», kisha hufuata mstari mrefu wa majina ya mafolda, halafu jina la programu na namba ya mstari. Watu wengi wakiuona mstari ule mrefu hufumba macho, wakadhani mashine imeharibika. Hasha! Tuyatafsiri maneno hayo kwa lugha ya nyumbani. Mashine yasema: «Nilitumwa faili la Locale/Country.pm, sikuliona. Nilitafuta hapa, na hapa, na hapa. Aliyenituma ni programu fulani, katika mstari wake wa tatu.» Na tangu toleo la 5.18 la mwaka 2013 huongeza na shauri, ya kwamba huenda wahitaji kuweka moduli iitwayo Locale::Country. Je, ukimtuma mtoto chumvi, naye akarudi akakuambia, «Chumvi sikupata; nimekwenda duka la pembeni, na duka la mzee, na lile la karibu na bomba la maji, zote hawana,» utaibomoa nyumba uijenge upya? Utamshukuru mtoto kwa taarifa nzuri, ukamwonyesha duka la nne. Fundi anayefuta mashine kwa ujumbe huo amebomoa nyumba kwa sababu ya chumvi.

Jambo lenyewe nililiona kwa macho yangu katika ofisi moja hapa Hai Mauna, ambayo sitaitaja. Ofisi ile ilikuwa na programu ndogo ya Perl, iliyoandikwa zamani na mtu ambaye amekwisha kuhama, ya kuchapa orodha ya watahiniwa pamoja na nchi alikozaliwa kila mmoja. Wasomaji wa sehemu hii ya Kiswahili watafahamu kwa nini safu ile ya nchi ni kubwa kwetu: wengine tulizaliwa Juba, wengine Kakuma, wengine Adjumani, wengine Khartoum, na Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikirudisha nyumbani kutoka ng'ambo ya mpaka. Katika faili nchi zimeandikwa kwa vifupisho vya herufi mbili, SS, KE, UG, SD, nayo programu huita moduli ya Locale::Country ili ipate majina kamili. Kompyuta ya zamani ilipokufa, ikanunuliwa mpya, programu ikanakiliwa, ikagoma. Orodha ilitakiwa baada ya siku nne.

Fundi aliitwa. Siku ya kwanza akafuta kila kitu na kuweka Linux upya. Ujumbe ukarudi ule ule, neno kwa neno, na hilo si ajabu, maana kilichokuwa hakimo katika Linux ile hakikuingia kwa kuiweka mara ya pili. Siku ya pili akaja na flashi yenye faili moja alilolinakili kutoka mashine nyingine, akaliweka mahali pake. Ujumbe ukabadilika, sasa likatakiwa faili jingine. Akaenda akaleta hilo. Likatakiwa la tatu. Siku ya tatu akanakili folda zima, na programu ikaenda! Watu wakapiga makofi. Orodha ilipochapwa, watoto wa Kenya walikuwa na nchi yao, na wa Uganda, na wa Sudan. Watoto waliozaliwa Juba nafasi yao ilikuwa tupu.

Sababu yake, kwa maoni yangu, yastahili kusimuliwa darasani. Mashine aliyonakilia fundi ilikuwa na Perl ya 5.14, toleo lililotoka mwezi wa Mei 2011. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kifupisho cha SS kiliingia katika orodha ya kimataifa mwezi wa Agosti mwaka ule. Basi moduli ile ilifungwa katika kifurushi kabla sisi hatujawa nchi. Haikuwa na kosa. Ilikuwa haijapata habari. Lakini karatasi ingepelekwa hivyo ilivyo, mtahiniwa wa Hai Mauna angeonekana mtu asiye na kwao.

Kazi ile ilimalizwa na vijana wawili wa kidato cha tatu kwa muda usiofika nusu saa, tena kwa bando ya simu. Walichofanya cha kwanza ni kusoma. Waliandika amri iitwayo «corelist», ikifuatwa na jina la moduli, nayo ikawaambia iliingia lini katika Perl na ilitoka lini. Kumbe Locale::Country ilikuwa ikija pamoja na Perl tangu zamani, hata katika toleo la 5.30 la mwaka 2019 ikaondolewa kwa ombi la mtunzaji wake mwenyewe, ikabaki katika ghala la CPAN tu. Ndiyo maana mashine ya zamani ilikuwa nayo pasipo mtu kuiweka, na mpya haina. Jambo kama hilo lilikwisha kuipata moduli ya CGI katika toleo la 5.22 la mwaka 2015, na kuna programu nyingi za ofisini zilizokwama kwa sababu hiyo hiyo. Vijana wale wakaandika «apt install liblocale-codes-perl», kifurushi kidogo kikashuka pamoja na kila kinachokihitaji, na nafasi tupu zikajaa.

Hapa nitoe maoni yangu juu ya neno tulilobishania zaidi katika klabu: moduli ichukuliwe wapi? Wapo wanaosema siku zote tuichukue moja kwa moja kutoka CPAN, kwa kuwa huko ndiko iliko mpya kabisa. Mimi nasema, katika mashine za ofisi na za shule, jaribu kwanza ghala la Linux yenyewe. Kanuni ya majina ni nyepesi: weka «lib» mbele, andika jina la kifurushi kwa herufi ndogo na vistari, umalizie na «perl». DateTime::TimeZone ni libdatetime-timezone-perl. XML::Parser ni libxml-parser-perl. Vifurushi hivyo vimekwisha kupimwa vikae pamoja na Perl ya mfumo, na mlolongo wote wa mahitaji huja wenyewe. Kama huko haimo, hapo ndipo uende CPAN kwa chombo kiitwacho cpanm, tena uiweke katika folda lako la nyumbani kwa msaada wa local::lib, usiichanganye na Perl ya mfumo. Perl ya mfumo si yako peke yako. Hata debconf, inayouliza maswali wakati wa kuweka vifurushi vya Debian, imeandikwa kwa Perl. Ukiivuruga, umekata tawi ulilolikalia.

Tena kuna nyakati ambapo moduli ipo, nayo mashine yasema haipo, na hapo ndipo fundi wa kufuta huaibika kabisa. Neno @INC katika ujumbe ni jina la orodha ya mafolda ambamo Perl hutafuta. Ukiandika «perl -V» utaiona imepangwa mwishoni. Mashine moja yaweza kuwa na Perl mbili, ya mfumo na nyingine iliyowekwa na mtu, kila moja na mafolda yake, nayo moduli iliyowekewa hii haionwi na ile. Au programu yafanya kazi vizuri ukiiendesha kwa mkono mchana, lakini ikipewa saa ya mashine iiendeshe usiku wa manane hugoma. Watu husema ati kuna pepo. Pepo huyo ni kwamba wewe ukiingia, faili lako la nyumbani huiambia Perl, kwa jina la PERL5LIB, iangalie na folda lako. Usiku hakuna aliyeingia, basi hakuna aliyeiambia. Andika njia ya folda hilo ndani ya programu yenyewe kwa «use lib», nayo itaonekana usiku na mchana.

Herufi nazo zina mambo. Mtu aliyezoea Windows huandika Datetime badala ya DateTime, na mashine ile humwachia, kwa kuwa katika majina ya mafaili haijali herufi kubwa na ndogo. Akihamia Linux programu hugoma, akalaumu Linux. Na tangu toleo la 5.26 la mwaka 2017 Perl haitafuti tena katika folda ulilosimama ndani yake, kwa ajili ya usalama, maana mtu mwovu angeweza kutega faili baya humo. Programu za zamani zilizokaa na moduli zao pembeni zilikwama siku ile. Dawa yake ni mistari miwili ya FindBin na «use lib», na zote mbili zimo ndani ya Perl tayari.

Fundi wa kunakili mafaili kwa flashi alibahatika kwa jambo moja: moduli ile ilikuwa Perl tupu. Si zote zilivyo hivyo. XML::Parser, mathalan, nusu yake imeandikwa kwa lugha ya C, nayo yategemea maktaba iitwayo expat. Ukinakili faili la .pm peke yake, ujumbe hubadilika ukasema haikuona kitu cha kupakia cha moduli hiyo. Maneno yafanana na yale ya kwanza, lakini maana yake ni nyingine. Ukinakili na sehemu ya C kutoka Perl ya toleo jingine, yaweza kukataa waziwazi ya kwamba matoleo hayalingani. Na ukiijenga kwa cpanm bila kuweka expat na mafaili yake ya kujengea, mstari wa mwisho hukuambia tu kwamba kazi haikufaulu. Mstari huo hauna faida kubwa kwako. Cpanm hukutajia mahali lilipo faili la build.log, lifungue, upande juu polepole hata ufike penye kosa la kwanza, nalo litakuambia kwa maneno machache kwamba expat yatakiwa kwanza. Mwanafunzi asiyetaka kusoma juu ya mstari wa mwisho hataliona neno hilo hata akae wiki.

Nikija kwa wanaobishana nami. Mmoja katika klabu, naye ni stadi kuliko mimi, husema tuiache Perl tuandike Python, ugonjwa huu utakwisha. Nampenda ndugu huyu lakini simwamini hapo. Python ikikosa moduli husimama vile vile ikasema hakuna moduli yenye jina hilo, nayo ina orodha yake ya mafolda, na watu wa mashine mbili na matoleo mawili wanagombana nayo kila siku. Kila lugha inayoazima kazi za wengine ina mlango huu. Mwingine husema kwamba fundi wa sokoni hana muda wa kusoma; watu kumi wamngoja Konyo Konyo, na kufuta ni jambo la hakika. Huyo ana neno. Nakiri kwamba ikiwa mtu amekwisha kumwaga moduli za CPAN juu ya Perl ya mfumo kwa miezi, matoleo yakachanganyika, kufuta kwaweza kuwa njia fupi kweli. Lakini hata hapo sharti kwanza iandikwe orodha ya moduli ambazo programu zaita, vinginevyo mashine safi itaamka na njaa ile ile.

Lililo kubwa zaidi kwetu wa Juba ni intaneti na umeme. Mwenzetu wa Nairobi akikosa moduli huandika amri moja, akanywa chai, akakuta imekwisha kuingia. Nyuzi za intaneti zilifika Juba kutoka upande wa Uganda mwaka 2020, na hilo ni jambo jema, lakini hazijafika darasani kwetu. Sisi huchanga bando, na umeme ukikatika katikati ya kupakua, bando imekwenda na moduli haikuja. Ndiyo maana napendekeza shule iwe na ghala lake. Kuna chombo kiitwacho minicpan ambacho hunakili kutoka CPAN toleo la mwisho tu la kila kifurushi. Ghala zima hivyo ni gigabaiti chache, na huenea katika flashi ya kawaida ya dukani. Mtu mmoja akienda mahali penye intaneti nzuri aijaze, akirudi, cpanm huambiwa isitoke nje: «cpanm --mirror file:///media/ghala --mirror-only», kisha jina la moduli. Mlolongo wote hutoka katika flashi ile, intaneti ikiwapo au isiwepo. Vifurushi vinavyoshushwa kwa amri ya apt-get navyo, vile vilivyokwisha kushuka mara moja, hukaa katika /var/cache/apt/archives mpaka uvifute. Badala ya kuvifuta, vinakiliwe, mashine ya pili na ya kumi zisivilipie tena.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza, na sharti tulijue hilo kabla ya kuifungia kabatini. Nitatoa ushahidi wa hapa kwetu. Tarehe 15 Januari 2000, tukiwa bado chini ya Khartoum, saa zilipelekwa mbele kwa saa moja, zikawa sawa na za Nairobi na Kampala. Tulipojitenga tulibaki na saa hizo. Sudan ilizirudisha nyuma tarehe 1 Novemba 2017, nasi tulizirudisha tarehe 1 Februari 2021. Kwa hiyo sasa ikiwa saa mbili asubuhi Juba, Kampala ni saa tatu. Moduli ya DateTime::TimeZone hubeba habari hizi zote ndani yake. Ile iliyotoka kabla ya 2021 ipo, yapatikana, haitoi ujumbe wowote wa kukosekana, nayo itakupa saa ya Juba ambayo si saa ya Juba. Mtahiniwa atakayepangiwa mtihani kwa programu hiyo atafika mlangoni ama mapema mno ama amechelewa, na hakuna mstari mwekundu utakaomwonya mtu. Moduli inayokosekana yapiga kelele. Moduli iliyopitwa na wakati hunyamaza. Kwa sababu hiyo ghala la shule lijazwe upya kila mwanzo wa muhula, na tarehe iandikwe juu ya flashi kwa kalamu ya wino. Mwandishi wa programu naye aandike toleo analolitaka pamoja na jina la moduli, maana Perl hukubali kuambiwa hivyo, nayo ikikuta toleo la chini zaidi husimama na kusema waziwazi imekuta lipi na imetakiwa lipi.

Na pamoja na flashi iwepo orodha. Katika folda la kila programu yetu liwekwe faili liitwalo cpanfile, lenye majina ya moduli zote inazoziita, moja kila mstari. Cpanm hulisoma faili hilo lenyewe ukiiandikia «cpanm --installdeps .» na kuweka zote kwa mara moja. Yule aliyeiandika programu ya ofisi niliyoisimulia angalikuwa ameacha faili kama hilo, lenye mstari mmoja tu, fundi asingalipoteza siku tatu za watu.

Mwalimu wa kompyuta amekubali kutupa sehemu moja ya kabati lenye kufuli. Katibu wa klabu anayo orodha ya kwanza niliyoiandika, nayo ina moduli kumi na moja zinazotumika katika programu za maktaba na za ofisi ya shule. Hapana shaka imepungua. Yeyote anayetumia programu ya Perl hapa shuleni aifungue, atazame mistari ya juu inayoanza na neno «use», ampelekee katibu majina hayo kabla ya shule kufungwa, kwa kuwa atakayeijaza flashi anasafiri kwenda Kampala siku ya pili yake.